Kwenda Kisiwa cha Msumbiji na mama: njia, majira na mji wenye pande mbili

Swali la msomaji: «Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam. Mama yangu ana umri wa miaka 68, ana presha, na magoti humsumbua. Babu yake alikuwa baharia wa majahazi, na enzi za uhai wake alisimulia mara nyingi habari za Kisiwa cha Msumbiji. Sasa mama anatamani kukiona kwa macho yake. Likizo yangu ni Februari. Nimefikiria tushuke Mtwara, tuvuke Ruvuma kwenye Daraja la Umoja kisha tuendelee kwa gari hadi Nampula, mji mkuu wa mkoa kilipo kisiwa hicho, kwa sababu nauli ya ndege ni kubwa. Rafiki yangu aliyewahi kufika anasema siku moja yatosha, kwamba kuna magofu ya Wareno tu, na kwamba Kiswahili kitatusaidia kila mahali. Wengine wananitisha kwa habari za vita na vimbunga. Je, nimpeleke mama? Na kama ni ndiyo, tusafiri vipi?»

Ndugu msomaji, mpeleke mama. Ila usimpeleke mwezi wa Februari, na usimpitishe njia uliyoitaja. Katika swali lako naona hofu mbili, ya vita na ya vimbunga, na zote mbili zina msingi; pia naona mambo matatu uliyohakikishiwa na rafiki yako ambayo hayako hivyo. Nitaanza na njia, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010, lina urefu wa mita 720, na ni daraja zuri. Tatizo liko ng'ambo yake. Ukivuka kutoka Mtambaswala unaingia Negomano, katika wilaya ya Mueda, mkoa wa Cabo Delgado, na kutoka hapo hadi Nampula unalazimika kuukata mkoa huo kutoka kaskazini hadi kusini. Makundi yenye silaha yalianza mashambulizi katika mkoa huo Oktoba 2017, huko Mocímboa da Praia; Machi 2021 yakauvamia mji wa Palma; na mwaka 2022 yakavuka mto Lúrio na kuua watu katika wilaya za kaskazini za mkoa wa Nampula wenyewe, zikiwemo Eráti na Memba. Majeshi ya Rwanda na ya nchi nyingine yalipoingia kusaidia, makundi hayo yalipoteza miji, lakini yamebaki katika vikosi vidogo vinavyohamahama, na hiyo ndiyo sababu barabara inayopitika salama mwezi huu inaweza isipitike mwezi ujao. Anayekuambia kwamba alipita na hakuona kitu husema kweli, lakini ukweli wake ni wa siku ile moja. Mama mwenye umri huo hafai kupitishwa humo kwa ajili ya kupunguza nauli, na wewe pia hufai.

Ipo njia ya pili ya nchi kavu, ya kutoka Songea kuvuka Ruvuma kuingia mkoa wa Niassa, kisha Lichinga, Mandimba, Cuamba na kuingia Nampula kutoka magharibi. Njia hiyo hupita mbali zaidi na mapigano, lakini ni safari ya siku kadhaa katika vyombo vinavyojaza watu hadi mlangoni. Kwa kijana mwenye muda ningesema fikiria. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, kukaa saa nane amekunja miguu katikati ya mizigo humfanya afike akiwa hawezi hata kupanda ngazi tatu, na Kisiwa cha Msumbiji hutembelewa kwa miguu.

Kwa hiyo inabaki ndege hadi mjini Nampula, ambako uwanja wake umeunganishwa na Maputo na Johannesburg. Ratiba za usafiri wa anga kaskazini mwa Msumbiji hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo nenda kwa wakala wa tiketi na umuulize njia zote, hata ile ya kuzunguka kwanza kusini ambayo kwenye ramani inaonekana kama kupoteza safari. Ni ghali, sikatai. Ningependelea kuona mnasubiri mwaka mmoja mkidunduliza kuliko kuokoa fedha hizo kwa kupita Mueda. Kutoka Nampula hadi kisiwani ni takriban kilomita 180 za lami. Kodini gari dogo pamoja na dereva wake, mwondoke asubuhi, na msisafiri usiku. Daladala za huko, ambazo wenyewe huziita chapa, zinafika, lakini kwa mama chukua gari. Kisiwa kimeunganishwa na bara kwa daraja jembamba la zaidi ya kilomita tatu, lililojengwa miaka ya 1960, lenye njia moja ya gari na vituo vya kupishana, kwa hiyo hamtahitaji chombo cha baharini ili kufika.

Sasa majira. Februari ni kilele cha msimu wa vimbunga katika Mfereji wa Msumbiji, ile bahari iliyo kati ya Msumbiji na Madagaska. Kimbunga hupata nguvu zake kutokana na joto la maji ya juu ya bahari. Maji yakipata joto la takriban nyuzi 26.5 na kuendelea, mvuke mwingi hupanda, huachia joto lake angani, na joto hilo huzidi kuuvuta upepo. Kati ya Januari na Machi maji ya mfereji huo huwa na joto la kutosha hata kukirudishia nguvu kimbunga kilichodhoofika kwa kupita juu ya milima ya Madagaska. Ndivyo ilivyokuwa kwa kimbunga Gombe: kilivuka Madagaska kikiwa kimepungua, kikajikusanya upya baharini, na tarehe 11 Machi 2022 kikatua wilaya ya Mossuril, ambayo ndiyo bara inayotazamana na kisiwa. Tarehe 10 Machi 2025 kimbunga Jude kilitua wilaya hiyohiyo. Hata pasipo kimbunga, mvua za miezi hiyo huleta mbu kwa wingi, hukata barabara, na mara kwa mara hufuatwa na kipindupindu.

Omba likizo yako isogezwe hadi kati ya Juni na Septemba. Wakati huo kusi huvuma, hewa ni kavu na ya kadiri, na mama ataweza kutembea saa nne za asubuhi bila kulemewa na jua. Babu yake mama angelielewa hili bila kuelezwa, kwa sababu kisiwa hiki kilipata maana yake kutokana na pepo. Majahazi yalishuka kusini na kaskazi na kurudi na kusi, na Kisiwa cha Msumbiji kipo karibu na ukingo wa kusini wa eneo ambalo pepo hizo hutegemewa. Merikebu za Wareno kutoka Lisbon zilizochelewa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema zilikuta kusi limekwisha, nazo zikalazimika kungoja hapo miezi mingi, mabaharia wake wakifa kwa homa katika hospitali ya kisiwa. Mshairi wao mkubwa, Luís de Camões, alikwama hapo katika miaka ya 1560 akiwa fukara, akisubiri nauli ya kurudi kwao.

Hapo ndipo ninapotaka kumpinga rafiki yako aliyekuambia ni magofu ya Wareno tu, maana kauli hiyo ikikaa kichwani mwenu mtapita kisiwa kizima bila kukiona. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 alikuta mji wa Waislamu wenye mtawala wake, wenye majahazi na biashara ya Kilwa na Uarabuni. Mapokeo yanamtaja mtawala huyo kwa jina la Musa bin Bique, na ni kisiwa hiki kilichoipa nchi nzima jina. Wareno walikalia kisiwa tangu 1507, wakajenga kikanisa cha Nossa Senhora do Baluarte mwaka 1522, wakaanza ngome ya São Sebastião mwaka 1558, na ngome hiyo ikawahimili Waholanzi waliowazingira mwaka 1607 na tena 1608. Kisiwa kilikuwa makao makuu ya koloni hadi mwaka 1898, yalipohamishiwa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Baada ya hapo bandari ya Nacala, yenye kina kirefu, ikachukua meli zilizobaki.

Mji huu una pande mbili, nazo haziwezi kueleweka moja bila nyingine. Kaskazini ni Mji wa Mawe, wenye majumba ya kuta nene, mitaa iliyonyooka, ngome, na jumba jekundu la São Paulo, lililokuwa chuo cha Wajesuti kabla ya kugeuzwa makao ya gavana katika karne ya 18 na ambalo leo ni makumbusho. Kusini ni Mji wa Makuti, ambako ndiko wanakoishi wakazi walio wengi. Mkiingia huko mtashangaa kuona paa za nyumba zikiwa karibu usawa wa barabara mnayoikanyaga, na mtashuka ngazi ili kufika mlangoni mwa watu. Sababu yake ni hii: mawe ya matumbawe yaliyojenga majumba ya kaskazini yalichimbwa hapa kusini. Watu waliochimba, wengi wao wakiwa watumwa na vibarua, wakajenga vibanda vyao ndani ya mashimo yaliyobaki. Mvua kubwa inaponyesha, maji yote ya barabarani hukimbilia majumbani mwao hadi leo. Ukisimama kwenye ukingo wa mtaa mmojawapo, huku umetoka kutazama ngazi pana za jumba la gavana, unaona kwa macho yako kwamba jumba lile lilitoka katika shimo hili. Hakuna maandishi ya makumbusho yanayoeleza ukoloni wazi kuliko hapo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu waongozaji wengi huwatembeza wageni kaskazini tu, kisha huwarudisha hotelini kula kamba. UNESCO ilipokiorodhesha kisiwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1991 haikuchagua upande mmoja; iliorodhesha pande zote mbili.

Kuhusu yale majumba yaliyoanguka, mtayaona mengi, na inafaa mjue yanaangukaje, kwa kuwa inahusu usalama wenu pia. Jiwe la matumbawe lina vitundu, na chokaa iliyoliunganisha hupitisha hewa, hivyo unyevu huingia na kutoka. Nyumba ikiachwa bila mwenyewe, boriti za dari huoza kwanza. Dari ikianguka, kuta hukosa kinachozishika pamoja, na mvua huingia katikati ya ukuta. Kisha mbegu ya mtini mwitu iliyodondoshwa na ndege huota juu na mizizi yake huupasua ukuta polepole. Wapo wanaokarabati kwa saruji wakidhani wanaimarisha, kumbe saruji huziba vitundu, chumvi hubaki ndani, na fuwele zake huuvunja ukuta kutoka tumboni. Kwa hiyo msiingie nyumba isiyo na paa kwa ajili ya picha, hasa siku inayofuata mvua. Zile paa bapa mtakazoziona zilikuwa na kazi nyingine kubwa: kisiwa hakina chemchemi, na maji ya mvua yalikusanywa juu ya paa na kushushwa kwenye birika lililo chini ya nyumba. Birika la ngome limewanywesha wakazi kwa karne nyingi.

Kwa mama, mwanzoni pangeni siku mbili kamili za miguu na usiku tatu za kulala. Siku ya kwanza iwe ya kaskazini: ngome mapema kabla jua halijawa kali, baadaye makumbusho, kisha kanisa la Misericórdia, ambalo ndani yake kuna msalaba uliochongwa na fundi wa Kimakonde, na kama mama ni mtu wa kusini mwa Tanzania, ataitambua mikono hiyo. Siku ya pili iwe ya Makuti, polepole, mkiwa na mwenyeji wa mtaa huo mliyemlipa vizuri, na mkiomba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au ya ua wake. Kisiwa kina urefu wa takriban kilomita tatu na upana usiofikia kilomita moja, kwa hiyo umbali si tatizo. Tatizo ni mawe ya mitaani yasiyo sawa na ngazi za ngome zisizo na mahali pa kushika. Fimbo ya kutembelea na viatu vya soli imara vitamfaa mama kuliko dawa ya maumivu. Siku moja, kama alivyoshauri rafiki yako, itawapa nusu ya ngome na jua la saa saba.

Kuhusu lugha, msitegemee Kiswahili. Watu wa kisiwa huzungumza Enahara, ambayo ni lahaja ya Kimakua, pamoja na Kireno cha shule na ofisi. Ni kweli kwamba masheikh na watawala wa pwani ile waliandikiana kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu hadi mwishoni mwa karne ya 19, na barua zao zimehifadhiwa katika nyaraka za Msumbiji. Lakini ilikuwa lugha ya biashara, ya dini na ya barua, huku nyumbani watu wakiendelea na Kimakua cha mama zao waliotoka bara. Mtakutana na maneno mengi mnayoyafahamu, na wazee au wavuvi wachache waliowahi kufika Mtwara au Zanzibar wataongea nanyi. Bei, hospitali na polisi, hata hivyo, ni Kireno. Tafuteni mkalimani tangu Nampula.

Mahali ambapo mama atajiona yuko kwao, kwa maoni yangu, ni msikitini na kwenye maulidi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 tarika (jumuiya ya Kisufi) ya Shadhiliyya iliingia kisiwani kutoka Ngazija, na Qadiriyya kutoka Zanzibar, na zikri zake zinaendelea hadi leo. Vikundi vya wanawake huimba na kucheza tufo kwa matari, wakiwa na kanga zinazofanana na nyuso zilizopakwa msiro mweupe, na asili ya mchezo huo ni maulidi. Kama anataka kumuulizia babu yake, aanzie kwa wazee wa tarika. Nasaba na safari za mabaharia zilihifadhiwa zaidi kwa simulizi za watu hao kuliko kwenye karatasi za gavana. Mwandae pia kwa upande mchungu wa historia hiyo. Kutoka hapa watu walisafirishwa utumwani hadi visiwa vya Wafaransa, Brazil na Kuba; merikebu ya São José iliondoka hapa mwaka 1794 na watu zaidi ya 500, ikazama karibu na Cape Town, na wapatao 200 wakafa maji. Majahazi yetu nayo yalibeba watu katika karne ya 19, na kisiwani kuna bustani ya kumbukumbu yao. Sisemi babu yake alihusika. Nasema mama asikutwe na habari hiyo ghafla, mbele ya wageni.

Mkitaka kuvuka hadi Cabaceira, upande wa bara, kuona kanisa la mwaka 1579 na kisima cha zamani, mtaelekezwa kwenye jahazi. Kwa magoti ya mama nashauri mzunguke kwa gari kupitia Mossuril, kwa sababu maji yakipwa abiria hushuka mbali na kutembea kwenye matope na mawe. Na kwa chombo chochote cha majini, kataeni kuingia kilichojaza. Tarehe 7 Aprili 2024 mashua ya uvuvi iliyotoka Lunga kuja kisiwani, ikiwa imepakia kupita kiasi watu waliokuwa wakikimbia uvumi wa kipindupindu, ilipinduka na kuua watu karibu mia moja. Kaeni nje ya mashua hadi muone makoti ya kujiokolea kwa kila abiria, na mvuke asubuhi, kabla upepo wa alasiri haujachafua bahari.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza. Mpeleke mama kwa daktari wake mwezi mmoja kabla ya safari, akiwa na dawa zake zote mkononi, wazungumzie kinga ya malaria: Nampula ni eneo la malaria kali, mtu aliyekaa Dar es Salaam kwa miaka mingi hana kinga ya mwili kama ya mtu anayeumwa na mbu wa huko kila mwaka, na baadhi ya dawa za malaria hazipatani na dawa za moyo na presha. Abebe dawa za presha za siku zote za safari na za wiki moja zaidi, kwenye mkoba wa mkononi. Homa yoyote akiwa huko, au ndani ya miezi miwili baada ya kurudi, ipimwe siku hiyohiyo. Hospitali ya kisiwa ni ndogo, na kubwa iliyo karibu ni Hospitali Kuu ya Nampula, kwa hiyo namba ya dereva wenu iwe wazi usiku na mchana. Watanzania huingia Msumbiji bila viza kwa ziara fupi, ila nendeni ubalozi wa Msumbiji hapo Dar es Salaam wiki chache kabla ya kuondoka, muulize masharti ya siku hizo, cheti cha homa ya manjano, na hali ya usalama katika wilaya za Memba na Eráti. Wakisema kuna mapigano yanayosogea kusini, ahirisheni, hata kama tiketi zimekwisha kulipiwa.